Jinsi ya kumuona ninga wa Pemba na kumpiga picha, mwongozo kamili

Watu wengi wanaokwenda Pemba kuangalia ndege wanarudi na picha za kila kitu isipokuwa ninga, alafu wanasema siku hizi hayupo. Yupo bana. Tatizo wanamtafuta yeye wakati walitakiwa watafute anachokula. Ukilishika hilo tu, yaliyobaki humu chini ni namna ya kulifanya, kwahiyo kama una haraka ruka moja kwa moja mpaka hatua ya mti, ila usije kulalamika umefika Konde, mji ulio karibu na msitu wa Ngezi, saa nne asubuhi jua limeshawaka na ndege wameshakula wakashiba.

Kwanza umjue unayemtafuta

Ninga wa Pemba, kwa jina la kisayansi Treron pembaensis, ni njiwa wa miti mirefu anayeishi Pemba na vijisiwa vyake tu, duniani kote hakuna pengine. Aliyemuelezea kisayansi ni Pakenham, afisa wa serikali ya Waingereza Zanzibar, mwaka 1940, na huyohuyo mwaka 1937 alishamuelezea yule bundi mdogo wa Pemba. Ukimjumlisha ninga na bundi, ukaongeza chozi wa Pemba na kale kandege kadogo ka kijani-njano chenye duara jeupe machoni, unapata ndege wanne ambao kama hujafika Pemba hujawaona, nukta.

Rangi zake sasa. Watu wakisikia "ninga" wanategemea njiwa wa kijani kibichi mwili mzima, na hapo ndo wanapompoteza, maana huyu wa Pemba kichwa, shingo na kifua ni kijivu. Kijani kipo mgongoni na kwenye mbawa. Begani ana baka la zambarau iliyoiva, kwenye mbawa ana michirizi ya njano, chini ya mkia rangi ya kahawia inayokaribia kutu, na mdomo umeanza na wekundu pale unapoungana na uso. Yule ninga wa bara ni wa kijani-njano mpaka tumboni, kwahiyo ukiwa umejifunza kwa picha za bara utamwangalia wa Pemba useme huyu siye. Kimo ni mdogo kidogo kuliko njiwa manga wa kufugwa, mnene, mkia mfupi.

Kwenye vitabu vya uhifadhi amewekwa kundi la walio katika hatari ya kutoweka, sio kwa sababu kawa adimu sana kisiwani bali kwa sababu kisiwa chenyewe ni kimoja, na msitu uliobaki ni vipande.

Hatua ya kwanza: chagua wakati

Hapa kila mtu anauliza "mwezi gani mzuri" na jibu langu huwa halifurahishi: kwa ninga, hakuna. Chakula chake kikubwa ni matunda ya jamii ya mikuyu, na miti hii haizai kwa msimu mmoja kama miembe. Kila mti una ratiba yake, kwa sababu maua yake yamefichwa ndani ya tunda na yanachavushwa na vinyigu vidogo sana ambavyo maisha yao ni mafupi, kwahiyo lazima mwaka mzima pawepo na mti fulani mahali fulani wenye matunda ya kuvipokea, la sivyo vinakufa vyote. Faida kwako ni kwamba mwezi wowote ule kuna mkuyu unaiva sehemu. Hasara ni kwamba mti uliojaa ninga leo, ukirudi baada ya wiki mbili unaweza kuukuta mtupu kabisa, hata kunguru hayupo.

Kinachoamua tarehe ni hali ya hewa na bahari. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, Pemba inanyesha kweli, inanyesha kuliko Unguja, njia za msituni zinakuwa tope na darubini inashika ukungu ndani ukiwa unaiangalia. Kuanzia Juni mvua inapungua lakini kusi nalo linavuma, na mkondo kati ya Unguja na Pemba wenye tabu ya kutapika wanaujua. Mi napenda kaskazi, Desemba mwishoni mpaka Februari, joto lipo lakini bahari inapitika na anga ni safi. Septemba na Oktoba pia safi, na huwa kuna uchumaji wa karafuu, kila uwanja umeanikwa na kisiwa kizima kinanukia. Ukienda Ramadhani nenda, ndege hawafungi, lakini jua kwamba mchana migahawa imefungwa na wewe hutakula hadharani, kwahiyo panga chakula chako na mwenye nyumba ya wageni mapema.

Hatua ya pili: kufika na kulala pazuri

Kuna ndege ndogo kutoka Unguja mpaka uwanja wa Chake Chake, nusu saa hivi angani, na kuna boti zinazoshusha Mkoani kusini, nyingine Wete. Mkoani ni mbali na unapokwenda. Msitu wa Ngezi uko kaskazini magharibi ya kisiwa, upande wa Micheweni, na mji wa karibu ni Konde. Kwahiyo usilale Mkoani, na Chake pia ni mbali kidogo kwa mtu anayetaka kuwa msituni kunapopambazuka. Lala Wete au usogee zaidi kaskazini kama unapata chumba.

Daladala za Konde zipo, lakini mchezo huu hauchezwi kwa daladala asubuhi maana ile ya kwanza ikijaa na kuondoka jua limeshapanda. Ongea na kijana wa bodaboda usiku ule, patana naye bei ya kwenda na kurudi, muwekee miadi ya saa kumi na moja alfajiri na umwambie ukweli kwamba utakaa masaa mengi, asije akakuacha ukamlaumu. Usafiri wa jioni ni rahisi zaidi, na jioni nayo ina ninga, nitaielezea.

Hatua ya tatu: vya kubeba

Darubini ya mkono, na kama unanunua sasa hivi nunua 8x42, yaani ya kukuza mara nane yenye lensi ya mbele ya milimita 42, usidanganyike na zile za kuvuta mara ishirini, mkono unatikisika na msituni mwanga ni mdogo unaishia kuona giza lililokuzwa. Maji. Kitu cha kukalia, kwa sababu ardhi ya Ngezi ina unyevu na ina siafu, na siafu hawana adabu. Suruali ndefu na soksi, raba zinazoshika, dawa ya mbu. Mwavuli mdogo hata kama hakuna mvua.

Nguo ziwe za heshima. Pemba ni watu wa dini na utapita vijijini, bukta na vifupi waachie ufukweni kwa watalii. Rangi nyeupe inayong'aa ndege wanaiona mbali, vaa kijani, kahawia, kijivu.

Hatua ya nne: getini

Barabara ya Konde kwenda Makangale na Ras Kigomasha inakatiza katikati ya msitu, na ofisi ya misitu iko pembeni ya barabara hiyohiyo. Pitia pale, lipa kiingilio, andika jina. Kama utataka kuingia kabla ofisi haijafunguliwa nenda siku moja kabla ukaongee nao, wanaelewa.

Alafu chukua mtembezaji. Najua kuna mtu anasoma hapa anasema "mi najua njia", sawa, lakini humlipi akuoneshe njia, unamlipa kwa sababu yeye juzi na jana alipita humo na anajua mti gani unaiva. Hiyo taarifa haipo kwenye simu yako. Usimwambie "nioneshe ninga", muulize hivi: "Mkuyu gani una matunda mabivu wiki hii, na umewasikia wapi?" Utaona hata uso wake unabadilika, anajua amepata mtu makini. Kama ni mtu mzima kuliko wewe anza na shikamoo kwanza, biashara baadae.

Hatua ya tano: kuupata mti

Hii ndo roho ya safari, soma taratibu.

Ngezi ni msitu mchanganyiko, kuna mivule, mijoho, misufi mwitu, na ile mipapindi, mnazi-pori mwembamba ambao nao ni wa Pemba peke yake. Ukiingia utaona kijani tupu juu mpaka chini na kumpata njiwa wa kijani humo kwa macho ni kujitesa. Kwahiyo angalia chini. Tembea polepole ukisoma ardhi. Mkuyu unaoiva unajitangaza: matunda yameanguka, mengine yamepasuka, kuna harufu tamu inayokaribia kuchacha, kuna inzi na vipepeo. Sasa chunguza vizuri kilichoangushwa. Ukikuta vidonge vya nyuzinyuzi vilivyokamuliwa vikavu, hiyo ni kazi ya popo wa Pemba, yule mkubwa, anatafuna tunda anafyonza maji anatema makapi. Ina maana mti una matunda mabivu na usiku ulikuwa na wateja, dalili nzuri, ila sio ninga. Tumbili yeye anang'ata na kutupa, utaona alama za meno. Ninga hatafuni, hana meno, anameza tunda zima zima, kwahiyo yeye haachi makapi, anachoangusha ni matunda mazima yaliyomponyoka akigombania tawi. Ukisikia tap, tap, tap ya vitunda vizima vinadondoka na upepo haupo, simama hapohapo, usipige hatua nyingine. Kuna mtu juu anakula.

Dalili nyingine ni kelele za wenzake. Kwezi weusi wanapenda matunda hayohayo na wao hawajui kunyamaza, ukisikia kwezi wanagombana juu ya mti mmoja kwa muda mrefu nenda kaangalie.

Na sikiliza sauti yake mwenyewe. Ninga halii kama tetere au hua, hana ile "kuu kuu kuu" ya kuguguma. Yeye anapiga mluzi laini unaopanda na kushuka kisha unamalizikia na kama mkoromo au mngurumo wa chini. Mara ya kwanza hutaamini ni njiwa.

Hatua ya sita: kukaa

Ukishaupata mti usiende ukasimama chini ya shina. Chini ya shina utaona matumbo tu na utaumwa shingo. Rudi nyuma mpaka upate upenyo wa kuona taji la mti kwa pembeni, jua likiwa mgongoni kwako, kaa chini, nyamaza. Simu iwe kimya kabisa, sio mtetemo.

Ninga akishtuka haruki kwanza. Anaganda. Anabana tawini hatikisiki hata kidogo na rangi zake zinamezwa na majani, unaweza kuangalia mti wenye ndege kumi ndani ukaapa hauna hata mmoja. Wageni wengi hapa ndo wanaondoka. Kaa dakika ishirini, thelathini, usiongee, na utaona tawi moja linajongea, kisha jingine, kisha mti mzima unaanza kuwa na ndege kama vile wamechipua. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, basi Ngezi mvumilivu hali kitu, anamuona tu anayezila.

Akishatulia anafurahisha sana kumtazama. Anapanda matawi kwa miguu kama kasuku, anatembea mpaka kwenye kijitawi chembamba kabisa, anajinyonga kichwa chini kufikia tunda, mbawa zinapigapiga kutafuta mizani, anameza, anarudi juu. Jamii hii ya njiwa ina firigisi yenye nguvu na humeza changarawe, kwahiyo mbegu ndogo za mikuyu nyingi zinasagwa humo tumboni. Nalisema hili kwa sababu kuna maneno kwamba kila njiwa mla matunda ni mpanda miti, na sio kweli. Wale njiwa wa matunda wa visiwa vya Pasifiki, na njiwa wa buluu wa Ushelisheli na Komoro, ndo wanaosifika kupitisha mbegu nzima na kuzitupa mbali. Ninga anakula tunda na mtaji wa mwenye mti.

Saa nzuri ni kuanzia kumi na mbili na robo asubuhi mpaka saa tatu. Mchana wanapumzika kwenye kivuli na hata wakiwepo hawajongei. Kuanzia saa kumi jioni wanarudi kula tena, na jioni ina faida yake: ukibaki mpaka giza unaweza kumsikia bundi wa Pemba analia "hu" moja moja, na perere wanaanza kupiga kelele zao za kutisha, usikimbie, ni mnyama mdogo tu wa mtini. Ila usibaki bila mtembezaji.

Hatua ya saba: usimchanganye

Mwituni utakutana na pugi, mdogo, uso na kifua cheupe au kijivu, anapenda kutembea chini na akiruka anakatiza chini chini. Huyo sio. Hua ni mkubwa wa kijivu-pinki na ana utepe mweusi nyuma ya shingo, yuko mpaka mijini. Ninga kushuka chini ni nadra sana, kwahiyo njiwa wowote aliyeko ardhini anza kwa kusema siye.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kasuku wa kijani mwenye kichwa cha kahawia, maana naye kijani, naye mnene, naye anapanda matawi kwa miguu. Kasuku anapiga kelele kali akiruka, ninga anaruka kimya zaidi ukisikia tu mvumo wa mbawa, anakwenda moja kwa moja kwa spidi, kama jiwe limetupwa kwa manati. Na mdomo ukiuona mambo yameisha, wa kasuku umepinda.

Hatua ya nane: picha

Kwa simu peke yake usijisumbue, utapata doa. Lensi ya milimita 400 ndo pa kuanzia. Shida kubwa ni kwamba ndege yuko kwenye majani ya giza na nyuma yake kuna anga jeupe, kamera inapima anga na kukutolea kivuli cheusi chenye umbo la njiwa. Ongeza mwanga kwa hatua moja, hata moja na nusu, usiogope anga kuungua, hukuja kupiga anga. Fokasi weka nukta moja tu, ukiacha kamera ichague itachagua jani. Akila, shata ya 1/500 inatosha, akiruka nenda 1/1600 na ukubali ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipande, chenga kidogo kwenye picha ni afadhali kuliko ukungu.

Baka la zambarau begani halionekani kila pembe. Subiri ageuke ubavu na mwanga umfikie, hapo ndo utaona kwamba rangi zote zile zilikuwepo muda wote.

Hatua ya tisa: usiung'ang'anie msitu

Hii watu hawaiamini. Picha bora za ninga mara nyingi hazipatikani ndani ya Ngezi, zinapatikana mashambani. Zamani kisiwa karibu chote kilikuwa msitu, ukakatwa kupisha mikarafuu, na baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndo ikawa mama wa karafuu mpaka leo. Lakini wakulima waliacha miti mikubwa hapa na pale, kwenye mipaka, makaburini, karibu na misikiti, na mkuyu mmoja uliosimama peke yake kati ya mashamba ukiiva, ninga wanaufuata. Mti wa namna hiyo unaonekana pande zote, mwanga upo, na hakuna matawi ya kukuziba.

Shamba ni la mtu lakini. Piga hodi. Salimia, jieleze, sema unaangalia ndege, hutachuma kitu, omba ruhusa. Kwa kawaida utapewa ruhusa, utaletewa na mkeka, na watoto watakuja kuangalia unachoangalia. Wape darubini waone. Mtoto aliyemuona ninga kwa darubini manati inamuwia nzito kidogo kesho yake, na wenyewe ndo watakaokwambia mti mwingine uko wapi. Makaburini usiingie hata kama ndege yuko tawi la chini, piga ukiwa nje.

Mambo ya kuacha

Usicheze sauti ya ninga kwenye spika ili aje. Inamtoa kwenye chakula au kwenye kiota bure. Usirushe jiwe mtini "waruke tuwaone", nimeshaona watu wazima wanafanya hivyo. Ukikuta kiota, na utakidharau maana ni vijiti vichache vimelazwa ovyo mpaka yai linaonekana kwa chini, ondoka haraka, usipige picha kwa karibu na usionyeshe mtu. Kunguru anafuata macho yako.

Mtu akikuletea ninga hai kwenye tundu akuuzie, usinunue hata kwa nia ya kumwachia. Ukinunua mmoja umeagiza wa pili.

Kuandika ulichoona

Ukirudi ingiza rekodi yako eBird, tovuti ya kuwekea rekodi za ndege, ni bure: tarehe, saa, mahali, idadi, na kwenye maelezo andika alikuwa anakula mti gani. Picha ya tunda na jani la mti huo ipige pia, hata ya simu, kwa sababu jina la mti ndo kitu watu wengi wanasahau kuandika na ndo chenye faida kwa atakayekuja baada yako. Kama hukumuona hata mmoja rekodi pia, andika masaa uliyokaa na ndege wengine uliowaona.

Na kama una siku moja imebaki na bado hujampata, usirudi kwenye mti uleule uliokunyima jana. Pita getini umuulize tena mtembezaji, kisha chukua boda taratibu kwenye ile barabara ya Makangale kuelekea ufukwe wa Vumawimbi alfajiri, simama kila palipo na mkuyu, zima pikipiki, sikiliza dakika tano, songa mbele.